Pima springi kabla ya kuilaumu: regulata tatu za kuzamia, Kigoma

Kigoma ni mwisho wa reli, na kwa anayetengeneza vifaa vya kuzamia maneno hayo si utani. Oringi (pete ya mpira ya kuzuia mvujo) ndogo kuliko pete ya mtoto ikikosekana hapa, hakuna duka la jirani la kukimbilia. Inaagizwa Dar es Salaam, Dar wakikosa inaagizwa nje ya nchi, kisha unasubiri basi. Ndiyo maana wazamiaji wa huku (wa ziwani, si wale wa kujificha melini) wamezoea kutengeneza kwa kilichopo. Kwenye injini za boti pale Kibirizi tabia hiyo imewaokoa wengi. Kwenye regulata, kifaa kinachompa mzamiaji hewa ya mtungi, imetutia hasara, tena ya kujitakia.

Regulata tatu zilipita mezani kwetu ndani ya msimu mmoja, zote kwa shtaka lilelile: "Fundi, springi imechoka." Springi iliyokuwa imekufa kwa ugonjwa wake yenyewe ilikuwa moja tu.

Kwanza tuelewane springi zipi. Hatua ya kwanza ya regulata hufungwa kwenye mtungi na kushusha hewa kutoka bar 200 hadi bar 9 au 10 juu ya presha ya mahali ulipo. Hiyo ndiyo presha ya kati. Hatua ya pili ndiyo inayokaa mdomoni, inafungua ukivuta pumzi na kufunga ukiacha. Kwenye regulata ya pistoni, springi kubwa inaishikilia pistoni ibaki wazi mpaka presha ya kati ifike kiasi cha kuishinda nguvu. Chukua kichwa cha pistoni chenye kipenyo cha milimita 25: eneo lake ni karibu sentimita 4.9 za mraba, na bar 9.5 juu yake ni mzigo wa kilo 47 hivi. Yaani springi yenye urefu wa kidole gumba inabeba karibu mfuko wa saruji. Kwenye regulata ya dayaframu (utando unaopinda) springi nzito inakaa upande wa maji, inakazwa kwa skrubu, na nyuma ya kizibo upande wa presha kubwa kuna springi nyingine ndogo ya kukirudisha kizibo kizibe kwa siti yake, yaani kipande laini kinachoziba tundu la hewa. Mdomoni kuna springi nyembamba inayobana kizibo kwenye mdomo wa tundu la hewa. Tundu la milimita 5.5 lenye presha ya bar 9.5 linasukuma kizibo kwa nguvu ya kilo 2.3 hivi, kwa hiyo springi hiyo lazima isukume kidogo tu zaidi ya hapo. Hicho "kidogo tu" ndicho mzamiaji anachokisikia kama urahisi au ugumu wa kuvuta pumzi.

Regulata ya kwanza ilikuwa ya dayaframu. Ikikaa kwenye boti dakika tatu nne bila kutumiwa ilianza kupiga mluzi mdomoni. Ukibonyeza kitufe cha kupulizia inanyamaza, ukisubiri tena inaanza. Tulikosea papo hapo: tukaona hewa inatokea mdomoni, basi ugonjwa uko mdomoni. Tukaikaza springi ya hatua ya pili mpaka mluzi ukakoma, tukamrudishia mwenyewe.

Alirudi kesho yake. "Fundi, hii umeifunga kwa hasira?" Kwenye mita 25 alikuwa anavuta hewa kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija. Hapo ndipo tulipofanya kilichotakiwa kufanywa mwanzo, tukafunga geji ya presha ya kati kwenye hosi ya kujazia jaketi la kuelea. Sindano ilisimama kwenye 9.4, ikatulia kidogo, kisha ikaanza kupanda. Baada ya dakika tano ilikuwa 11. Tulipoiacha ikapita 12.

Ugonjwa ulikuwa kwenye siti ya presha kubwa, hatua ya kwanza. Ilikuwa imechimbwa duara na hewa inapenya polepole hata valvu ikiwa imefunga. Na hapa ndipo springi ya mdomoni inapostahili heshima. Kizibo chake kinafungukia upande hewa inakoelekea, kwa hiyo presha ya kati ikipanda kupita kiasi, hewa inakisukuma na kutoka yenyewe. Kwenye bar 12 lile tundu la milimita 5.5 linasukuma kwa kilo 2.9 badala ya 2.3, springi inashindwa, unasikia mluzi. Mluzi ule ulikuwa kengele. Sisi tuliikaza springi, tukaiziba kengele, presha ikabaki inapanda ndani ya hosi.

Tangu siku hiyo hakuna regulata inayofunguliwa kwetu kabla ya geji. Fungua mtungi polepole huku umebonyeza kitufe cha kupulizia, na hatua ya pili iwe imefungwa kwenye hosi yake, kamwe usijaribu hatua ya kwanza peke yake, maana ile ya mdomoni ndiyo valvu yako ya usalama. Bonyeza kitufe mara 20 au 30, acha, tazama sindano. Ikisimama, ikapanda bar 0.2 au 0.3 na kutulia kwa dakika kumi, ni nzima. Ikiendelea kupanda, tafuta siti au oringi, springi iache. Ikisimama imara lakini chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji, ndipo springi inaingia kwenye orodha ya watuhumiwa, na hata hapo uchafu unatangulia. Rudia kipimo hichohicho mtungi ukiwa na bar 200, kisha ukiwa na bar 50. Regulata ya pistoni isiyo na mizania (yaani presha ya mtungi inaisukuma valvu yake bila kusawazishwa) hushuka presha ya kati mtungi unapopungua, na ya dayaframu isiyo na mizania hupanda. Usipojua hilo utailaumu springi kwa tabia ya maumbile ya kifaa.

Siti mpya ilikuja baada ya wiki mbili. Tulipoifunga presha ikasimama 9.5 na haikusogea. Kazi iliyobaki ilikuwa kuilegeza ile springi tuliyoikaza.

Regulata ya pili ilikuja ikiwa tayari imeshapita kwa fundi mwingine, na ilituchosha kuliko zote. Ilikuwa inavuja mdomoni, na safari hii geji haikuonyesha kosa lolote hatua ya kwanza. Tulipoifungua tukaikuta springi ya hatua ya pili imevutwa kwa koleo. Ilionekana kwa macho: mizunguko ya katikati imeachana, ya pembeni imebanana, na ukiisimamisha mezani inainama kama mlevi. Ubavu mmoja ulikuwa umeng'aa kwa kusugua ukuta wa mrija.

Anayeivuta springi anaona inarefuka, anadhani ameirudishia nguvu. Kweli kwa siku chache itabana zaidi. Lakini waya uliovutwa kupita kiwango chake umeshapinda moja kwa moja, tena haukupinda sawasawa. Unapobanwa mara elfu kadhaa unarudi ulipotaka kurudi, mvujo unaanza upya, na sasa kuna na msuguano juu yake. Mwenye regulata hiyo alipata wiki mbili za nafuu, kisha akawa na matatizo mawili badala ya moja.

Njia za mkato nyingine tunazijua zote, kwa sababu tumeshauriwa zote. Springi ya kalamu ya kubonyeza: si ya chuma cha kukaa majini, na nguvu yake haina uhusiano wowote na zile kilo 2.3. Kukata mzunguko mmoja wa springi ndefu ili iingie: wengi wanadhani ukipunguza mizunguko springi inalainika, kumbe inakuwa ngumu zaidi, maana kila mzunguko uliobaki unabeba mpindo mkubwa zaidi. Kuchukua springi ya aina nyingine "inayofanana": ugumu wa springi unafuata unene wa waya ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Waya wa milimita 1.1 badala ya 1.0 unakupa springi ngumu kwa asilimia 46 zaidi, na kwa macho hutaona tofauti. Tena hatua ya pili yenye mizania hutumia springi laini, kwa kuwa hewa inayopita nyuma ya kizibo inasaidia kufunga. Ukiipa springi ya hatua isiyo na mizania, mzamiaji atavuta hewa kwa shida hata juu ya maji.

Kwa hiyo tuliagiza. Springi yenyewe ilikuwa rahisi; usafirishaji ulikuwa mara tatu ya bei yake. Tungeagiza tatu kwa pamoja usafiri ungekuwa uleule, na huo ni ujinga tulioulipia pesa taslimu. Jambo jingine la kujua ni kwamba paketi ya sevisi mara nyingi ina siti, oringi na filta, springi haimo. Inaombwa kwa namba yake kwenye mchoro wa mtengenezaji, pamoja na jina la modeli na namba ya kifaa. "Nitumie springi ya regulata" si oda.

Kuifunga kunahitaji utulivu. Meza itandikwe kanga au taulo nyeupe, kwa sababu springi ya mdomoni ikichomoka na kugonga saruji inaruka kama panzi. Tuliwahi kuitafuta moja saa nzima na kuipata ndani ya kiatu. Fungua kifuniko, toa dayaframu, kisha rudisha nyuma mdomo wa tundu kwa bisibisi ili usikandamize siti. Shika kizibo kisizunguke, fungua nati ya kujifunga iliyoshikilia wenzo, na piga picha kwa simu kila kipande kinapotoka: nati, washa, wenzo, springi, kizibo. Mkia wa springi ukaguliwe kwa ncha ya kidole. Ukiwa na makali yanayokwaruza, utakula shina la kizibo. Unapoingiza springi mpya hakikisha inakaa wima kwenye kitako chake kabla ya kukaza. Halafu jambo linalosahaulika: kila unapozungusha mdomo wa tundu, bonyeza wenzo kwanza ili siti iachane nao. Usipofanya hivyo chuma kinaizungukia siti kama kisu cha kukata maandazi, na siti mpya imekwenda.

Wenzo uwe na mchezo wa milimita moja hivi, usizidi mbili. Ukikosa mchezo kabisa, dayaframu inaugusa muda wote na hewa inavuja hata springi ikiwa mpya kabisa.

Kupima ugumu wa kuvuta hauhitaji mtambo. Jaza ndoo maji, shika hatua ya pili mdomo wa kunyonyea ukitazama juu na dayaframu ikitazama chini, hewa ikiwa imefunguliwa. Ishushe polepole bila maji kuingia mdomoni. Mara hewa inapoanza kutoka, pima kwa rula kutoka usawa wa dayaframu hadi juu ya maji. Sentimita 2.5 hadi 4 ni mahali pazuri kwa regulata nyingi. Chini ya hapo itajipulizia yenyewe mdomo wa kunyonyea ukigeukia juu, zaidi ya hapo atachoka bure. Hii ya pili ilikuja ikiwa na zaidi ya sentimita 6. Kwa springi mpya na thumni ya mzunguko mara mbili, yaani robo kwa jumla, ilisimama kwenye 3.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa na springi mbovu kweli. Ilikuwa ya pistoni, isiyo na mizania, imezamia Bahari ya Hindi, kisha ikapakiwa begini bila kusuuzwa na kuletwa ziwani. Presha ya kati ilikuwa bar 8 mtungi ukiwa umejaa, na ikishuka zaidi kuelekea bar 50. Ndani ya chumba cha springi, pale penye matundu ya maji, chumvi ilikuwa imegandamana na ukoko wa kijani wa shaba, na pistoni ikasogea kwa kulazimishwa.

Kosa letu hapa tuliliona asubuhi. Tulikuwa tumeloweka vipande kwenye maji ya ndimu usiku kucha, tukiamini tindikali ya jikoni haina madhara. Kromu ilikuwa imevimba na kubanduka vipande vipande kama rangi ya mlango wa zamani, na shaba ya njano chini yake imebaki uchi. Gharama ya mwili ule tuligawana na mwenyewe. Siku hizi ni siki nyeupe kwa maji ya uvuguvugu, nusu kwa nusu, dakika 10 hadi 15, huku umekaa hapo na mswaki mkononi, kisha suuza mara mbili na kukausha. Vipande vya alumini visiingie humo.

Springi iliyosafishwa ilionyesha madoa ya kahawia. Doa si kosa. Stenlesi huchafuliwa na kutu ya jirani na doa hilo linafutika. Tulipovuta picha kwa kamera ya simu tukaona vishimo, na ncha ya pini ilikwama ndani yake. Hiyo haitengenezwi. Chini ya ukoko wa chumvi hewa haifiki, ngozi nyembamba inayoilinda stenlesi inashindwa kujirudishia, na chumvi inatoboa. Springi hiyo inafanya kazi kwa kila pumzi. Pumzi 15 kwa dakika, dakika 45, ni mara 675 kwa mzamo mmoja; mizamo 100 ni mara 67,500. Ufa huanzia kwenye kishimo. Kuisugua kwa msasa ndiyo kabisa, unapunguza waya na kuongeza mikwaruzo.

Springi mpya ikaingia, tukafunga, tukafungua mtungi tukiwa na furaha, na geji ikasoma 10.7. Juu mno. Ilituchukua muda kuelewa. Kabla yetu kuna mtu aliyeona presha inashuka, badala ya kubadilisha springi akaongeza washa mbili chini yake ili kuibana zaidi. Sisi tulizitoa, tukazisafisha vizuri sana na kuzirudisha. Tulipoziondoa presha ikasimama 9.6. Hesabu washa, linganisha na mchoro, usiamini kwamba ulichokikuta ndicho kilichotoka kiwandani.

Kwa wa dayaframu onyo lingine: kabla ya kufungua pete inayoshikilia dayaframu, legeza kwanza skrubu ya springi nzito mpaka isikaze kabisa. Kufungua pete ikiwa bado na mzigo ni kuharibu nyuzi, na ikikutoka usoni utaelewa mfano wa mfuko wa saruji. Kurudisha, anza chini, bar 7 au 8, panda kwa thumni ya mzunguko, na kila hatua bonyeza kitufe mara kadhaa kabla ya kusoma.

Kuna waliotuambia springi za huku zirekebishwe kwa sababu ziwa liko juu. Ni kweli Tanganyika iko karibu mita 773 kutoka usawa wa bahari na presha ya hewa juu ya maji ni kama bar 0.92. Lakini chumba cha springi kiko wazi kwa mazingira, na geji inasoma tu tofauti kati ya presha ya ndani na ya nje, kwa hiyo bar 9.5 ya Dar ni bar 9.5 ya Kigoma. Kinachobadilika ni jedwali la kuzamia, ambalo juu ya mita 300 linataka marekebisho ya mwinuko. Hilo lisipuuzwe.

Maji ya ziwa hayana chumvi ya kutoboa chuma, ila ni ya magadi kiasi na yakikauka yanaacha ukoko mweupe, uleule unaouona kwenye mawe ya ufukweni. Ukoko huo ukijaa kati ya mizunguko ya springi unaizuia kufunga vizuri, na dalili yake inafanana na springi iliyochoka. Maji ya mvua kutoka kwenye simtanki ndiyo ya kusuuzia. Kifuniko cha vumbi kikauke na kufungwa kwanza, regulata iloweke nusu saa, maji yapitishwe taratibu kwenye matundu ya chumba cha springi, na kitufe cha kupulizia kisiguswe ikiwa ndani ya maji bila hewa, vinginevyo maji yanapanda kwenye hosi.

Wakati wa kuihifadhi legeza kitasa cha kurekebishia springi ya hatua ya pili mpaka mwisho. Hewa ikiwa haipo, springi inaendelea kuikandamiza siti kwenye mdomo wa tundu usiku na mchana, na baada ya miezi inachora duara lenye kina. Regulata nyingi zinazoletwa zikiwa "zimechoka springi" zina duara hilo tu. Siti inabadilishwa, springi inapimwa urefu kwa vernia ikilinganishwa na mpya, ikiwa sawa inarudi kazini.

Baada ya kubadilisha springi yoyote, mzamo wa kwanza ni mita 2 au 3, karibu na ufuko, na mwenzako mwenye hewa ya akiba pembeni. Springi zilizotolewa tunazo kwenye chupa ya kachumbari, kila moja na kipande cha karatasi chenye urefu wake kwa milimita na kosa lake. Ile iliyovutwa kwa koleo iko juu kabisa.